Kuitunza Pumzi: Darsa ya Kupanda Ngazi



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, muhula uliopita Jumuiya yetu iliandaa shindano la kupanda ngazi katika hosteli ya wavulana. Lengo lilikuwa kukusanya fedha za kuwasaidia wenzetu waliobakiwa na deni la ada na kukaribia kuukosa mtihani. Wazo lilikuwa langu. Aliyejisifu zaidi kabla ya siku yenyewe nilikuwa mimi pia, na nasikitika kusema kwamba aliyekaa chini kwenye ngazi, kichwa kati ya magoti, huku wenzake wakimruka, nilikuwa mimi vilevile.

Ngazi zetu zina vidato 84 kutoka chini hadi juu. Tulitakiwa kuzipanda mara tano, na kushuka kwa kutembea. Mara ya kwanza na ya pili niliwatangulia wote, tena kwa kuruka vidato viwili viwili. Mara ya tatu, kabla sijafika juu, mapaja yalijaa moto, koo likakauka na macho yakaanza kuona giza. Nikakaa. Mwenzangu wa chumbani, ambaye hata hakuna aliyemtaja siku ile, alinipita akipanda kidato kimoja kimoja na kunigusa bega. Alimaliza zote tano. Mimi sikumaliza.

Makala hii ni matunda ya aibu ile. Baada ya shindano nilirudi kwenye vitabu vyangu vya hadithi na kukuta kwamba somo nililolikosa ngazini lilikuwa limeandikwa zamani, katika kisa ambacho nilikuwa nimekisoma darasani nikakipita tu.

Mchezo wenyewe ni upi?

Wengi walicheka waliposikia habari ya mashindano ya ngazi. Lakini huu ni mchezo unaojulikana duniani. Mjini New York, mashindano ya kupanda jengo la Empire State yalianza mwaka 1978. Washiriki hupanda vidato 1,576 hadi ghorofa ya 86, kimo cha mita 320 hivi. Paul Crake wa Australia alimaliza kwa dakika 9 na sekunde 33 mwaka 2003. Ukipiga hesabu, huo ni mwendo wa takriban vidato 165 kila dakika. Kwa ngazi za hosteli yetu, ni sawa na kupanda kutoka chini hadi juu karibu mara 19. Kwa upande wa wanawake, Suzy Walsham wa Australia ameshinda hapo mara kumi. Taipei kuna mashindano ya kupanda jengo la Taipei 101, vidato 2,046. Malaysia, nchi ya ndugu zetu Waislamu, hupandwa mnara wa Kuala Lumpur wenye vidato 2,058.

Huko Marekani chama kinachoshughulikia maradhi ya mapafu huandaa kupanda ngazi katika miji mingi ili kuchangisha fedha. Mtu huomba jamaa na marafiki wamchangie, kisha hupanda. Hapo ndipo mimi nilipolichukua wazo. Anayetaka shabaha ya karibu, sisi wa Kampala tunao mnara wa Msikiti wa Kitaifa pale Old Kampala, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, ambao wageni hupanda vidato takriban 300 vya kuzunguka na kuona vilima vya mji pande zote. Ila pale ni msikitini. Panda kwa utulivu na adabu, mbio ziache kwingine.

Je, dini yetu inasemaje?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Hadithi hii imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Wanazuoni wamefafanua kwamba nguvu inayokusudiwa kwanza ni ya imani na azma, na nguvu ya mwili huingia inapotumika katika utiifu. Mbio za miguu nazo zina asili katika Sunna. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza, katika riwaya ya Abu Daud, kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini akamshinda, na baadaye alipoongezeka mwili wakashindana tena, Mtume akashinda na kumtania kwamba hii ni badala ya ile.

Hata kule kupanda na kushuka kwenyewe kuna dhikri yake. Jabir bin Abdillah (r.a.), katika riwaya ya Bukhari, anaeleza kwamba wao Maswahaba walipokuwa wakipanda walileta takbira, na walipokuwa wakishuka walileta tasbihi. Unapoinuka unakumbuka kwamba yupo aliye Mkubwa kuliko wewe na kuliko mahali ulipofika. Unaposhuka unamtakasa Yeye na kila upungufu. Hebu jiulize: mwanafunzi anayekaa ghorofa ya nne hupanda na kushuka mara ngapi kwa siku? Ni mara ngapi katika hizo anakumbuka?

Tena iko riwaya ya Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), kwamba watu walipopaza sana sauti za takbira safarini walipokuwa wakipanda, Mtume (s.a.w.) aliwaambia wajihurumie nafsi zao, kwani wanayemwita si kiziwi wala hayuko mbali. Mimi siku ile nilikuwa nikipiga takbira kwa sauti ya kutikisa jengo. Sikuwa nikimwita Mola wangu. Nilikuwa nikiwaita watu wanitazame. Na pumzi niliyoitumia kupiga kelele ndiyo niliyoikosa baadaye.

Salama na Mwansari

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Salama bin al-Akwa' (r.a.). Walikuwa wakirejea Madina baada ya tukio la Dhu Qarad, ambako Salama alikuwa amewafukuza kwa miguu yake watu waliopora ngamia wa Mtume (s.a.w.). Njiani, mtu mmoja katika Answari, ambaye hakuwa akishindwa mbio, akawa anaita: nani atashindana nami hadi Madina? Akarudia kuita. Salama, aliyekuwa amepakiwa nyuma ya Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia, akaomba ruhusa. Mtume akamruhusu akitaka. Akaruka chini, wakaanza.

Angalieni alivyokimbia. Salama anasema kwamba alijizuia katika mwinuko mmoja au miwili, akiitunza pumzi yake. Kisha akakimbia nyuma ya mwenzake, akajizuia tena mwinuko mmoja au miwili. Halafu akaongeza kasi mpaka akamfikia, akampiga baina ya mabega na kumwambia kwamba ameshapitwa. Akamtangulia kuingia Madina.

Imam Nawawi katika sherehe yake anaeleza kwamba makusudio ni kuilinda pumzi isimkatike. Ndugu msomaji, soma tena kisa hiki kwa jicho la mwanamichezo. Mtu aliyekuwa hodari kuliko wengi hakuona haya kubaki nyuma mwanzoni. Alijizuia mahali penye mwinuko hasa, kwa kuwa mwinuko ndio unaokula pumzi. Nguvu zake alizitumia mwishoni, pale zilipokuwa na faida. Mwenzangu wa chumbani alikuwa amefanya vivyo hivyo. Nilipomwuliza kama alikuwa anakijua kisa cha Salama, alisema hapana, yeye kwao ni mlimani na huchota maji bondeni tangu utotoni.

Mazoezi ya wiki nane

Kabla ya yote, mwili ni amana, nao una haki juu yako, Mtume (s.a.w.) alimkumbusha hivyo Abdallah bin Amr (r.a.) alipozidisha saumu na kisimamo cha usiku. Mwenye pumu, selimundu, shinikizo la damu au tatizo la moyo asianze kabla ya kumwona daktari. Yeyote akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, asimame hapo hapo. Kusimama huko si unyonge.

Wiki ya 1 na ya 2: panda siku tatu kwa wiki, ukiacha siku ya mapumziko katikati. Kidato kimoja kimoja, kwa kutembea, dakika 10. Kipimo chako ni ulimi: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, mwendo ni sawa.

Wiki ya 3 hadi ya 5: ongeza polepole hadi dakika 20. Katika siku hizo tatu, moja iwe ya kubadilisha mwendo: panda ghorofa mbili kwa haraka kiasi, shuka taratibu hadi pumzi itulie, rudia mara sita. Siku mbili zilizobaki ziwe za mwendo wa utulivu.

Wiki ya 6 na ya 7: mara moja kwa wiki, panda theluthi mbili za umbali wa shindano kwa mwendo utakaoutumia siku yenyewe. Mimi sikufanya jambo hili hata mara moja. Nilikuwa nikijipima kwa kupanda mara moja tu kwa kasi, kisha nikijiona bingwa.

Wiki ya 8: punguza. Panda kidogo, lala vya kutosha, kula chakula ulichokizoea. Nguvu huja katika mapumziko.

Siku zisizo za ngazi, chuchumaa na kuinuka mara 10 hadi 15, seti tatu, ili kuimarisha mapaja. Inuka kwa vidole vya miguu ili kuimarisha mashavu ya miguu. Asiyekuwa na ngazi ndefu asihuzunike, mji wetu ni wa vilima.

Jihadharini na kushuka. Wengi hudhani kushuka ni kupumzika, lakini maumivu ya mapaja ya siku ya pili mara nyingi hutokana na kushuka, kwa sababu misuli hubeba uzito huku ikinyooka. Magoti nayo hupata kishindo. Ndiyo maana pale Empire State washiriki hurudi chini kwa lifti. Sisi tusio na lifti tushuke polepole, mkono ukiwa karibu na chuma cha pembeni.

Na kama mtu ataniuliza siri ya wiki nane ni nini, nitamjibu kwa maana ya hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) ambayo sote tunaijua: amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Siku ya shindano

Pasha mwili moto dakika 10 hadi 15 kwa kutembea na kupanda ghorofa moja au mbili. Vaa raba zisizoteleza, funga kamba. Theluthi ya kwanza ipande kwa mwendo unaouona ni mwepesi mno. Nafsi itakuambia unachelewa, usiisikilize. Theluthi ya pili lishike lile lile. Ya tatu, kama pumzi ipo, ongeza.

Chuma cha pembeni kitumie kujivuta, mikono ipunguze mzigo wa miguu. Penye kona, pita upande wa ndani ili kufupisha njia, ila mwenye kutaka kukupita mpishe. Kuhusu kidato kimoja au viwili: wapo mabingwa wanaoruka viwili, lakini wamejizoesha. Kwa anayeanza, kimoja kimoja ni salama zaidi. Ukimaliza usikae ghafla. Tembea kidogo, kisha kunywa maji. Usishangae kukohoa baadaye, kwa kuwa hewa ya ngazini mara nyingi ni kavu na ina vumbi. Sisi sasa tunapiga deki na kufungua madirisha siku moja kabla.

Kosa langu la pili: zawadi

Wazo langu la mwanzo lilikuwa hivi: kila mshiriki atoe shilingi 5,000, nusu iende kwenye mfuko wa ada, na nusu ichukuliwe na mshindi. Niliona ni jambo la kupendeza, watu watapata hamu. Nikampelekea imamu wa msikiti wetu wa chuo ratiba atie baraka. Alisoma, akaniuliza swali moja tu: "Aliyeshindwa, pesa yake imekwenda wapi?"

Nikanyamaza. Nasoma elimu ya dini, na mlango wa mashindano katika fiqhi nimeupitia, lakini sikuuona ulipokuwa mbele yangu. Wanapotoa fedha washindani wote ili mmoja azichukue, kila mmoja anaingia akiwa ama wa kupata ama wa kupoteza, na hiyo ndiyo sura ya kamari. Kushindana bila ya dau kunaruhusiwa, mbio za Bibi Aisha (r.a.) na za Salama (r.a.) zinatosha kuwa ushahidi. Ama zawadi katika mbio za miguu, wanazuoni wamekhitalifiana. Wengi waliifunga kwenye yale yaliyotajwa katika hadithi, yaani kulenga mishale, ngamia na farasi, na Mahanafi wakaziingiza mbio za miguu. Wapo wanazuoni wa zama hizi wanaoruhusu zawadi itakayotolewa na mtu wa nje asiyeshindana, kwani hapo hakuna mshiriki anayepoteza. Katika hitilafu kama hii, mwanafunzi asijitolee fatwa. Aulize wajuzi wake.

Imamu alitushauri njia iliyo mbali na shaka. Fedha zote za kushiriki zikawa ni sadaka kwa mfuko, zikatangazwa hivyo kabla ya mtu kutoa. Wachangiaji wakaahidi kiasi kwa kila ghorofa atakayopanda mtu wao. Mshindi akapewa mkono na dua. Je, hamu ilipungua? Walijiandikisha wengi kuliko nilivyotarajia. Fedha hazikuwatosha wote wenye madeni, ziliwatosha wawili. Wote wawili waliingia kwenye chumba cha mtihani. Na katika hizo, zangu zilikuwa za ghorofa chache kuliko za karibu kila mshiriki mwingine. Laiti ningepanda polepole, mfuko ungepata zaidi. Riya yangu haikunigharimu mimi peke yangu.

Adabu tusizozisahau

Swala kwanza. Pangeni shindano mbali na nyakati za swala, na wekeni muda wa kuoga na kutawadha. Sisi tulianza asubuhi ya Jumamosi jua likiwa limeshapanda, tukamaliza mapema kabla ya Adhuhuri.

Sitara. Kaptula iliyo juu ya goti haifai kwa mwanamume. Akina dada walifanya lao katika hosteli yao, kwa wakati wao, bila ya wapita njia wala simu za kupiga picha. Walituambia kitu ambacho sisi hatukukifikiria: vazi refu hukanyagwa ngazini. Walivaa suruali pana, na juu yake vazi pana lililoishia chini ya magoti.

Haki ya jirani. Ngazi za hosteli zinapita kwenye milango ya watu waliolala, wanaosoma, na wagonjwa. Kudhuru hakufai katika dini yetu, na vishindo vya raba saa kumi na moja alfajiri ni madhara. Chagueni saa ambayo watu wameamka, na ombeni ruhusa ya msimamizi.

Saumu. Mwezi wa Ramadhani si wa kuanzia mazoezi mazito. Fanya kidogo jioni karibu na kufuturu, au baada ya Tarawehe. Wala mtu asile mchana wa Ramadhani kwa hoja ya shindano. Mchezo wa hiari si udhuru.

Hitimisho

Muhula huu Jumuiya itapanda tena, inshallah. Nimejiandikisha. Mwenzangu wa chumbani tunafanya naye mazoezi pamoja siku tatu kwa wiki baada ya Alasiri, yeye mbele na mimi nyuma, takbira kwa sauti ya chini tukipanda, tasbihi tukishuka. Mara nyingine bado nafsi inanishawishi nimpite pale ghorofa ya pili, hasa akiwepo mtu wa kututazama. Hapo hukumbuka maneno ya Salama, nikarudi nyuma kidato kimoja.

Maswali ya kujadili katika halaka:

1. Salama (r.a.) aliomba ruhusa kabla ya kushindana. Tunajifunza nini kwa hilo sisi tunaoandaa shughuli za wanafunzi?
2. Katika shughuli nyingine za chuo, je, kuna zawadi zinazofanana na ile niliyotaka kuiweka mimi?
3. Ni ibada gani unayoianza kwa kasi kisha ukaiacha njiani? Mwendo wa kidato kimoja kimoja ungekuwaje katika ibada hiyo?

Mwenyezi Mungu atujaalie ikhlasi katika amali zetu, atupe afya ya kumtumikia, awafungulie riziki wenzetu wenye madeni, na atuondolee riya ya siri na ya dhahiri. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.